Nageen wa Sehemu ya Kumi na Tisa

Nilianza kumchukia Nageen katika sehemu ya pili. Mumewe, Shahwar, alirusha sahani ya biriani ukutani kwa sababu chumvi ilikuwa kidogo. Yeye, badala ya kumwachia aufute ukuta wake mwenyewe, akapiga magoti akaokota wali punje kwa punje, zumari inalia kana kwamba tunamtazama walii. Kisha kamera ikaenda kwenye kope za Shahwar. Kope ndefu, zimelowa. Sisi tuliotazama tukatakiwa tumhurumie yeye.

"Mpumbavu huyu," nikasema.

"Nyamaza tusikie," akasema mume wangu, Iqtidar.

Tamthilia iliitwa Chumvi ya Nyumba. Ilionyeshwa kila Jumatano saa mbili usiku, na mwaka ule Karachi nzima ilikuwa imeishikilia. Fundi wangu wa nguo alikuwa hapokei simu saa hiyo. Mimi naitwa Nuzhat. Nina miaka hamsini na saba, nakaa Nazimabad katika nyumba aliyoijenga baba mkwe wangu. Mama mkwe wangu, tuliyemwita Amma, ameshafariki. Chini tunakaa mimi na Iqtidar, ambaye amestaafu kazi ya forodhani. Juu anakaa wifi yangu Raana, mdogo wake Iqtidar, mwalimu wa chuo cha wasichana. Aliolewa Hyderabad miaka minne, akarudi na sanduku moja, na mpaka leo hajaeleza mengi.

Kabla binti yetu Unaiza hajamfuata mumewe Sharjah, alinifungulia ukurasa kwenye simu. "Mama, haya maoni yako waambie watu wengine, mimi nimechoka," alisema. Nikawaambia watu wengine. Ukurasa niliuita Dada Pilipili. Sikuweka jina langu wala picha. Niliweka picha ya pilipili. Ilipofika Chumvi ya Nyumba nilikuwa na wafuasi elfu sitini, na Iqtidar alidhani nasoma mapishi.

Kila Alhamisi asubuhi, baada ya kuosha vyombo, nilikuwa nakaa kwenye ngazi ya nyuma na kumchana mwandishi. Niliandika kwamba kila Shahwar akimpiga mkewe, dakika mbili baadaye tunaonyeshwa alivyonyimwa baiskeli utotoni. Niliandika kwamba Wali, yule binamu anayejua kupika na kumsikiliza mtu mpaka mwisho, amevunjwa mguu na mwandishi ili asimpite Shahwar kwa utu. Zaidi ya yote niliandika juu ya mama mkwe. "Katika tamthilia zetu," nilisema, "uovu wote anabebeshwa mama mkwe ili mwanawe abaki msafi wa kurudiwa. Mama ndiye jaa la nyumba. Mwandishi mvivu humwaga kila kitu pale."

Hilo lilisambazwa mara elfu nne. Wapinzani wangu walikuwa wale waliotaka Nageen abaki na Shahwar. Walijiita Shahgeen, majina mawili yameunganishwa kama mapacha wanaosubiri kutenganishwa hospitali. Kiongozi wao alikuwa mwanamke aliyejiita Malkia wa Sialkot.

"Bibi Pilipili," aliniandikia, "bila shaka mumeo alikukimbia zamani."

"Mume wangu yupo, anakoroma," nikamjibu. "Wewe wako umemwacha wapi, au bado unamsubiri mwenye kope?"

"Mapenzi ya kweli yana moto. Huyajui."

"Moto naujua, nina jiko. Nikiungua naondoa mkono."

Tulikesha wiki nzima kwa mtindo huo. Nisiseme uongo, nilikuwa nafurahia.

Raana alikuwa anashuka kila Jumatano kutazama nasi. Anakaa kwenye kiti karibu na mlango, mapajani ana mafungu ya mitihani ya wasichana wake na kalamu nyekundu. Mimi namletea chai, nakaa, namtukana mwandishi. Jina la mwandishi lilikuwa likipita mwishoni kwa herufi ndogo: Nashita Wafa.

"Nani huyu Nashita Wafa?" nilikuwa nasema. "Ameolewa huyu? Amewahi kumenya kitunguu? Mwanamke gani aliye hai hanuniwi na mumewe miezi mitano, anampelekea chai kila asubuhi, na hasemi neno?"

"Ananuniwa, umesema hanuniwi," Raana akanisahihisha bila kuinua macho.

"Ananuniwa! Unajua nilichotaka kusema. Hakuna mwanamke kama huyo."

"Pengine hayupo," akasema, akaweka alama ya kosa kwenye karatasi ya mtoto wa watu.

"Nuzhat, tunataka kusikia," akasema Iqtidar. Yeye alikuwa upande wa Shahwar tangu mwanzo. Alisema mwanamume anayebeba nyumba ana haki ya kuchoka.

Hali iliendelea hivyo wiki kumi na nane. Jumatano ya kumi na tisa Raana hakushuka. Alisema kichwa kinamuuma. Nikapeleka chai juu, akaipokea mlangoni, akafunga.

Katika sehemu hiyo, Nageen, ambaye kabla ya kuolewa alikuwa mchoraji, alikuwa ameomba kwa siri kazi ya kufundisha katika chuo cha uchoraji. Tarishi wa posta akaleta barua ya kumkubali. Shahwar ndiye aliyekuwa langoni. Akaifungua, akaisoma amesimama juani, akaikunja, akaingia nayo kwa mama yake. "Iweke mahali asipopatazama," akasema. Mama akauliza, "Na akiulizia?" Shahwar akasema, "Nageen haulizi."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema angalau safari hii uovu umepewa mwenyewe. Nikaufunga. Kwa sababu picha iliyofuata ilikuwa jikoni, mwezi wa Ramadhani, muda mfupi kabla ya futari, na Nageen alikuwa anachota unga wa dengu ili akaange bajia. Mkono wake ukagusa karatasi ndani ya kopo. Akaitoa. Akaisoma, unga umejaa mpaka kwenye vifundo. Kisha akairudisha, akaifunika kwa unga, akausawazisha juu kwa kiganja. Alipogeuka, msichana mdogo wa nyumba ile, dada yake Shahwar, alikuwa amesimama mlangoni anamtazama. Nageen akaweka kidole chenye unga mdomoni: nyamaza.

Niliweka kikombe chini. Barua yangu haikuwa ya chuo cha uchoraji. Ilikuwa ya redio. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, nimepita jaribio la sauti la wasomaji wa tamthilia za redio, mmoja kati ya wasichana mia mbili. Barua nikaikuta kwenye kopo la unga wa dengu, katika nyumba hii, Ramadhani, bajia zikisubiriwa. Msichana aliyesimama mlangoni alikuwa na miaka kumi na mitano, na hakuna mtu mwingine duniani aliyeona.

"Upuuzi," akasema Iqtidar. Akachukua rimoti, akazima.

Mtu huyu hajawahi kuzima tamthilia kabla haijaisha. Hata siku ya msiba wa jirani alipunguza sauti tu. Nikamgeukia. Alikuwa anatafuta miwani yake, na miwani ilikuwa usoni.

Asubuhi simu yangu ililia kama mzinga wa nyuki. Dada Pilipili yuko wapi? Mbona kimya? Umeona upumbavu wa Nageen jana? Malkia wa Sialkot aliandika kwamba nimeishiwa. Sikumjibu mtu. Nilisubiri Iqtidar atoke kwenda sokoni, nikapanda ngazi na kandambili za bafuni.

Raana alikuwa amekaa kitandani, mbele yake kompyuta na sahani ya rusku, zile biskuti kavu za chai, alizokuwa hajazigusa.

"Nashita Wafa," nikasema.

Hakujifanya. Alivua miwani, akaiweka kando. "Umechelewa, wifi. Nilidhani utajua tangu sehemu ya sita."

"Sehemu ya sita kulikuwa na nini?"

"Lile sweta."

"Sweta gani?"

"Basi hukuliona," akasema. "Usijali."

Hilo ndilo lililonipandisha moto. Kwamba kulikuwa na mengine.

"Mwizi wewe," nikasema. "Unakaa kwenye kiti changu, unakunywa chai yangu, wiki kumi na nane, huku umeshanivua nguo mbele ya nchi nzima!"

"Nani amejua ni wewe? Wewe mwenyewe hukujua."

"Na ukaniacha nikutukane!"

"Ulikuwa unatukana vizuri. Mengine niliyaandika." Alisema bila kucheka. "Unafikiri sikujua Dada Pilipili ni nani? Nani mwingine hapa mjini anasema mama ndiye jaa la nyumba? Ulisema hivyo mbele yangu mwaka Amma alipofariki. Kila Alhamisi nilikuwa nakusoma kwenye basi la chuo. Mwandishi hajui wanawake. Mwandishi hajawahi kumenya kitunguu. Mwanamke kama huyu hayupo. Nikajiambia, haya, ngoja nimpe kitu anachokijua, nione kama atasema hicho nacho hakipo."

"Kwa hiyo ulitaka kunikomesha."

"Nilitaka useme! Mara moja tu. Miaka thelathini na mbili nasubiri useme." Sauti yake ilianza kupanda. "Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilikuona wewe ni simba. Ulikuwa unasoma magazeti kwa sauti jikoni, unaigiza watu wote. Nikakuona unairudisha ile barua na kukaanga bajia. Nikajifunza hapo. Waliponiletea yule mtu wa Hyderabad nilikuja kwako, nikakwambia, wifi, simtaki, nisemee. Ulinijibu nini?"

Nilikumbuka nilichojibu. Sikutaka kukumbuka.

"Ulisema, 'Nyamaza, yatapita,'" akasema Raana. "Yalichukua miaka minne kupita."

"Na mimi nilikuwa na uwezo gani? Amma alikuwa na funguo za kila kabati!"

"Ndiyo hivyo. Amma, Amma. Jaa la nyumba."

Chini muuza ndoo alikuwa anapita na toroli lake, anapiga kelele. Nikamwuliza kile kilichonipandisha ngazi, na sikutaka kukiuliza.

"Hilo la Shahwar kumpa mama yake barua langoni. Hilo umelitunga."

Raana akachukua rusku, akairudisha.

"Raana."

"Hilo sikulitunga. Nilikuwa barazani nafunga kamba za viatu vya shule. Kaka aliipokea kwa tarishi, akaisoma, akampa Amma. Maneno ni yale yale. Nilibadilisha jina tu."

Miaka thelathini na mbili nilikuwa nimeamini ni Amma peke yake. Kwamba Iqtidar, maskini, hakujua kitu. Hata nilikuwa nikimwonea huruma kwa kuwa na mama kama yule. Miaka mitatu ya mwisho Amma alipopooza nilimwogesha, nikamlisha, nikambadilisha nguo, na sikumwambia hata neno moja jema. Nilimgeuza ubavu kama godoro. Alikuwa akinitazama, mdomo umepinda, na mimi nikisema moyoni: tazama tu, unajua ulichofanya.

Niliketi kwenye ukingo wa kitanda bila kuombwa.

"Sasa na mimi nikwambie," nikasema. "Uandishi wako ni mbovu."

"Wifi, si sasa."

"Sasa hivi. Ni mbovu kwa sababu umeona nusu ukamaliza hadithi. Kwa nini Nageen aliirudisha barua?"

"Kwa sababu aliogopa. Kwa sababu alikubali."

"Kwa sababu angebaki nayo mkononi wangejua ameiona, na wangemfungia lango! Mpumbavu! Niliirudisha ili waendelee kudhani sijui. Nilisawazisha unga ule kama mtu anayepaka lipu. Siku ya tatu nikasema naenda kwa fundi wa nguo. Niliitoa barua, nikaiweka kifuani, nikavaa buibui la shangazi yako, nikapanda mabasi mawili nimefunga saumu, mpaka ofisi ya redio."

Raana akasogeza kompyuta kando.

"Tarehe ya kuripoti ilikuwa imepita siku tisa. Niliiona tangu jikoni. Nilijiambia watu wa serikali hawajali tarehe. Karani alikuwa mzee, meno mekundu kwa tambuu, mwezi mtukufu wala haoni haya. Akaniambia, 'Binti, nafasi imepewa mwingine Jumatatu.' Nikakataa kuondoka. Nikamwambia basi nionyeshe chumba. Sijui alinihurumia au alitaka niondoke. Akanifungulia. Chumba kina mazulia ukutani na harufu ya sigara. Nikasimama mbele ya kipaza sauti, kimezimwa, nikasoma ile barua yote kwa sauti, mwanzo mpaka mhuri. Kisha nikanunua kotmiri njiani, nikarudi nikapika futari. Amma akasema kotmiri imenyauka."

"Kwa nini hukuniambia?" Raana aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa na miaka kumi na mitano na mdomo kama kengele ya shule."

"Nilinyamaza miaka thelathini na mbili!"

"Nami ningejuaje?"

Macho yake yakaenda kwenye kompyuta.

"Usithubutu," nikasema.

"Siandiki."

"Unaandika kwa macho. Nakuona. Hiyo ni yangu." Nikasimama. "Na mwisho utakuwaje? Anaondoka?"

Raana akacheka kwa uchungu. "Sehemu mbili za mwisho hazijapigwa picha. Mimi nimeandika anaondoka. Kituo kinataka amsamehe, apate mimba, Shahwar alie. Wanasema Shahgeen ni wengi kuliko watu wako."

"Shahgeen ni wapumbavu."

"Ndiyo, lakini ni wengi."

Iqtidar alirudi na bamia na gazeti. Nilikuwa jikoni. Sikumngoja aketi.

"Ile barua yangu ya redio. Ulimpa Amma aifiche?"

"Barua gani?"

"Ile iliyokufanya uzime televisheni jana."

Aliweka bamia mezani, akaanza kuzipanga moja moja, kubwa upande huu, ndogo upande ule. "Nuzhat, ni miaka thelathini na ngapi? Amma ameshakufa, Mungu amrehemu."

"Sikuulizi kuhusu Amma."

"Ungekuwa unaongea na wanaume wa nchi nzima. Usiku mwingine wanarekodi mpaka saa nne. Mimi ningewaambia nini watu wa ofisini? Mke wangu anaigiza mapenzi na nani leo?"

"Ungeniambia hapana, nikakusikia kwa masikio yangu."

"Ungegombana."

"Ndiyo, ningegombana! Badala yake ukamwacha mama yako abebe. Miaka yote unasikia namwita mwovu, na wewe unakunywa chai."

Hapo aliinua uso, na akasema jambo ambalo sijalisahau. "Mimi sikumwita mwovu. Ulimwita wewe."

Ilikuwa kweli, na nilimchukia zaidi kwa kuwa ilikuwa kweli. Nilichukua zile bamia zote, kubwa na ndogo, nikazichanganya tena, nikatoka.

Siku ile ile niliandika. Sikukaa kwenye ngazi ya nyuma. Nilikaa sebuleni mbele yake. Niliandika kwamba mwandishi wa Chumvi ya Nyumba nilimtukana kwa mambo mengi na mengi bado nayashikilia: Wali hakustahili kuvunjwa mguu, zumari zipigwe marufuku. Lakini nilisema Nageen hayupo, na hapo nilikosea, kwa sababu mimi ni Nageen. Nikaandika habari ya kopo, ya langoni, na ya mabasi mawili. Nikaandika kwamba mwandishi naye alikosea, alidhani mwanamke akinyamaza amekubali, kumbe pengine anatafuta njia ya kutoka. Sikumtaja Raana. Mwisho nikaweka jina langu lote, Nuzhat Iqtidar, nikatoa picha ya pilipili, nikaweka ya uso wangu.

Maoni yalinijia kwa fujo. Wanawake mia kadhaa waliandika habari zao. Wengine kopo lilikuwa la mchele, wengine ilikuwa hati ya kusafiria chini ya godoro. Wengine walinitukana mpaka marehemu wazazi wangu. Malkia wa Sialkot aliandika, "Kumbe ndiyo maana. Uchungu wako wa nyumbani ulitumwagia sisi. Mumeo alijua anachokizuia."

Nilimjibu, "Hata sasa unamtetea mwanamume usiyemjua. Huyu hata kope hana."

Binamu zake Iqtidar wakaanza kupiga simu, mmoja baada ya mwingine, kutoka Gulshan, kutoka Multan. Alizipokea zote amesimama. Alipomaliza ya mwisho aliniambia, "Umenivunjia heshima uzeeni," na baada ya hapo hakunisemesha tena. Alidhani ataninunia kama alivyozoea, nami nitampelekea chai. Asubuhi ya tatu nilipika kikombe kimoja, nikakinywa mwenyewe mbele yake. Kisha nikabeba godoro, nikapanda juu.

"Sijakukaribisha," akasema Raana mlangoni.

"Sijaomba."

"Una hasira na mimi bado?"

"Sana. Sogea."

Sitaki mtu adhani tulikumbatiana. Wafuasi wangu walikuwa wamemtukana yule Nashita Wafa wiki kumi na nane kwa maneno niliyowafundisha mimi, na wengine walitafuta namba ya kituo wakadai afukuzwe. Raana alinionyesha. Kulikuwa na mambo ambayo mtu hasemi hata kwa mbwa. Alitaka niombe radhi. Nikamwambia nitaomba radhi ya lugha, si ya maoni. Naye nikataka aombe radhi ya kunitia kwenye televisheni. Akasema ataomba siku nitakayoomba ya Hyderabad. Ya Hyderabad niliiomba, usiku wa nne, gizani, umeme umekatika. Asubuhi alinipikia yai, akaliunguza.

Sehemu ya mwisho ilionyeshwa baada ya wiki saba. Raana alikuwa amewapelekea mwisho wake mara tatu, wakaukata mara tatu, hatimaye wakamwajiri kijana mwingine aandike kurasa kumi za mwisho. Nageen alirudi kwa Shahwar akiwa na mimba. Shahwar alilia, tena kope. Mama mkwe akapatwa na kiharusi ili pasiwe na wa kulaumiwa. Tulitazama tumekaa juu, mimi na Raana. Jina lililopita mwishoni lilikuwa bado Nashita Wafa.

"Wangeliondoa jina langu angalau," akasema.

Niliandika mistari mitatu tu. Wafuasi wangu walisema ndiyo mikali kuliko yote niliyowahi kuandika. Shahgeen walisherehekea siku mbili kwa picha za keki.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, tulisikia hatua kwenye ngazi. Polepole, goti lake la kulia halikunjiki vizuri. Iqtidar akabisha. Nikafungua.

"Dawa za presha ziko wapi?" Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu kwa wiki saba.

"Droo ya pili, nyuma ya betri."

Hakuondoka. Shati lake lilikuwa halijapigwa pasi, na mfukoni alikuwa na doa la achari. "Utashuka lini?"

"Unataka kusema jambo?"

Alitazama ngazi, akatazama mkono wake juu ya reli ya ngazi. Nilimngoja kwa muda mrefu kuliko alivyostahili. Raana ndani aliacha kuchapa.

"Nimekuuliza utashuka lini," akasema.

"Nami nimekujibu kwa swali. Chukua dawa zako, Iqtidar, kabla ya chakula, si baada."

Nikafunga mlango. Nikasikia akishuka, ngazi moja, kupumzika, ngazi moja.

Raana alikuwa ameshaanza tamthilia nyingine, ya mama mjane na binti zake wawili huko Sukkur. Alinisukumia kurasa. Nikasoma mbili.

"Mjane hawezi kusema hivi siku ya arobaini," nikasema.

"Soma mpaka mwisho kwanza."

"Nimeshaona. Ni mbovu."

"Wifi, soma mpaka mwisho."

Nikavuta kiti karibu na dirisha, nikachukua kalamu yake nyekundu.